Somo la Mama Umba Mbele ya Wakuu wa Shule

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mwili bado unanisisimka, ingawa nilikuwa nimesimama tu ukutani na sikufungua mdomo. Nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la pili, hapa hapa Lubumbashi, kule mtaani Katuba. Nakusimulia kwa sababu umeniambia kwamba chuo kikuu kimekupokea kwa masomo ya juu ya uongozi wa elimu, na kwamba ukimaliza unataka kushika ofisi ya shule za eneo zima, ile tunayoiita sous-division. Nimefurahi, tena sana. Lakini kaa kwanza, chai yenyewe haijapoa.

Alikuwapo mwalimu mmoja, Mama Umba. Alianza kwa chaki kama mimi na wewe, kisha akaenda kusoma miaka mingi mpaka udaktari. Siku ya kutetea tasnifu yake, walimu wa Katuba tulijaa ukumbini na vitenge vya sare. Maprofesa wa majoho meusi wakamhoji wee, na walipotangaza kwamba amefaulu, dada zake wakammwagia poda ya pongezi kichwani mpaka nyusi zikawa nyeupe. Wiki ile ile majirani wakaanza kumletea watoto wenye homa. Akawaeleza kwa upole kwamba yeye ni daktari wa mambo ya shule, nao wakarudi wakinung'unika kwamba basi amesoma bure. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Haukupita muda, akapewa ile ofisi. Wakuu wa shule hawakumtaka. Wengi walikuwa wanaume wazima wenye mvi, na mkubwa wao, Mzee Mukalay, kila mtu alidhani kiti kile ni chake. Walisema huyu mwanamke anajua vitabu, darasa amelisahau. Sote tulijua kwamba asipowashika siku ya kwanza, hatawashika tena. Wangemwitikia "ndiyo, Mama" mchana kutwa, na kila mmoja angeendesha shule yake apendavyo. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi.

Akawaita wote shuleni kwetu. Walikuja na tai zao, tayari kusikiliza hotuba ndefu na kunywa soda. Mama Umba akawasalimu, kisha akasema, "Bazee yangu, hotuba sina. Nitafundisha somo, na kisha mutanifanyia kritiki, sawa vile tunafanyiaka balimu."

Kritiki unaijua, mwanangu. Unafundisha wenzako wakiwa wamekaa nyuma na kalamu mkononi, ukimaliza unajikosoa mwenyewe, halafu wao wanakukosoa mmoja mmoja nawe umesimama. Sisi vijana tuliiogopa kuliko kung'olewa jino. Lakini hilo lilikuwa jambo la vijana. Mkuu hukaa nyuma na kukosoa, hasimami mbele akakosolewa. Kabla ya siku ile sikuwahi kusikia mkubwa akijiombea kritiki. Wakuu wakatazamana. Mama Umba akanigeukia mimi akasema, "Mutoto yangu, nipe darasa yako."

Alifundisha kutoa: hamsini na mbili, toa ishirini na saba. Alikuja na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa uzi, akafungua fungu moja mbele ya watoto, akaeleza vizuri mno. Watoto wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, Madame," nikaanza kupumua. Ndipo akawaambia waandike jibu kwenye vibao vyao na kuviinua juu. Nusu nzima walikuwa wamekosa. Numbi, msichana wa dawati la mbele, aliandika thelathini na tano, maana alitoa kidogo kwenye kikubwa popote alipokiona. Huko nyuma mtu akakohoa, na kile hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Nikainamisha macho, mwanangu, kana kwamba aliyeshindwa ni mimi.

Watoto wakaruhusiwa kwenda kucheza. Mama Umba akashika chaki, akachora mstari katikati ya ubao, akaanza na nafsi yake. "Nimesema mingi, batoto basema kidogo. Na niliamini ile 'ndiyo' yabo." Akaandika. Kisha akawakaribisha wengine, na kila walichosema akakiandika kwa mkono wake, kikali na chepesi. Mmoja aliposema kwa kunong'ona, alimwambia apaze sauti, wenzake hawamsikii. Mwisho akasimama Mzee Mukalay. "Mama, bijiti ulishika weye peke yako. Batoto habakugusa hata kamoja."

Nilijua vizuri yule mama angeweza kumjibu nini. Kichwani mwake kulikuwa na maktaba nzima, na angeweza kumfunika mzee yule kwa maneno ya Kifaransa mpaka akajutia kuja. Akaandika sentensi ile, akaipigia mstari chini. "Aksanti, Muzee. Ile njo kosa kubwa kupita yote." Basi. Wahenga walisema nyani haoni kundule, nami siku ile nilimwona mtu akiomba asimuliwe la kwake, kwa sauti, tena akaliandika ubaoni. Nilikuwa sijui kwamba mtu mzima anaweza kuwa mkubwa namna ile.

Nikadhani yamekwisha. Akafuta hesabu ya zamani, akasema, "Muite batoto. Tunarudilia."

Mara ya pili alisema maneno machache sana. Vijiti aliwagawia watoto, wakafungua nyuzi wenyewe, vikaanguka chini, kelele, vumbi, mwingine akavificha mfukoni. Vibao vilipoinuka, karibu wote walikuwa wamepata. Numbi bado alikosa. Mama Umba akapiga magoti pembeni yake na kile kitenge chake kizuri, akatazama kibao kwa muda, kisha akawaambia wakuu bila kuficha, "Numbi bado. Kesho asubui nitakuya kumufundisha yeye." Na alikuja kweli, mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Mzee Mukalay akainuka tena. Niliogopa, nikasema moyoni sasa anammaliza. Mzee yule hakuwa amefundisha mbele ya watu tangu alipopewa ukuu wa shule, na hakuna mwalimu wake aliyethubutu kumwomba. Akafunga kifungo cha koti. "Wiki yenye kuya, mukuye kwangu bote," akasema. "Nitatoa somo miye. Munifanyie kritiki, musinihurumie."

Hakuna aliyepiga makofi. Mimi nililia, sioni aibu kukuambia. Kuanzia siku ile, wakuu wale walimfuata Mama Umba mpaka alipostaafu, na walimu wa Katuba tukaacha kuiogopa kritiki, kwa sababu ilikuwa ya wote.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alijiweka hatarini vile, na cheo kikiwa kibichi. Akanijibu, "Masomo ilinifundisha vile ya kuangalia bantu. Haikunipa ruhusa ya kukatala bantu baniangalie." Mwaka uliofuata nami nikaomba nafasi chuo kikuu, na kila nilipochoka na tasnifu yangu nililikumbuka jibu lile.

Basi sikiliza, mwanangu. Nenda ukasome, tena usome sana, usije ukaleta huku unyenyekevu wa mtu asiyejua kitu, maana huo hausaidii shule. Mama Umba alijua alichokuwa akikifanya, na alikijua kwa sababu alisoma. Lakini utakaporudi na cheo, watu wataanza kukuitikia "ndiyo" kama wale watoto, na hiyo ndiyo hatari yako kubwa. Usiiamini. Waombe wainue vibao. Simama mbele ya walio chini yako ufanye kazi unayowadai waifanye, ukikosa uandike kosa kwa mkono wako, kisha urudie siku hiyo hiyo. Mkubwa jalala, wakubwa wetu walisema, na asiyetaka kutupiwa neno asitake kiti. Atakayekuambia ukweli huenda akawa ndiye aliyekitamani kiti chako. Mshukuru hivyo hivyo.

Mungu akufikishe juu, mwanangu, na huko juu asikunyime mtu wa kukukosoa.