Gunia Lililopita Juu ya Nyumba Yetu

Mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa, mvua ilikata barabara ya Sumbawanga, tukaambiwa ndege itatuangushia unga. Tukatandika shuka nyeupe uwanjani, rubani apate kuona shabaha. Shuka yenyewe ilikuwa ya katekista, aliitoa shingo upande, na ilirudi na matope kweli. Mwenyekiti akatangaza kila mtu atoke nyumbani, akasimame upande wa kanisa.

Mke wangu hakutoka. Alikuwa amejifungua juzi, na kwetu mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kikatike. Mama mkwe ndiye aliyekuwa naye ndani. Nikamsihi nikiwa nje ya ukuta, kwa heshima.

"Mama, je, gunia likiangukia paa hili?"

"Shuka si iko kule, baba? Kwani huyo rubani haoni?"

Nikarudi upande wa kanisa. Mimi shule niliishia darasa la pili, na muda mwingi tulilima bustani ya mwalimu. Nilijua kitu kimoja tu: ukiachia jiwe, linaanguka palepale chini ya mkono wako.

Ndege ikaja kutoka upande wa bonde la Rukwa, chini chini, ikipigana na upepo. Ilipofika juu ya nyumba yangu hasa, ikaachia gunia. Nikakimbilia nyumbani, mikono juu, kana kwamba ningelidaka.

Lakini halikushuka palepale. Lilikwenda na ndege, huku likiinama, likapita paa, likapita jiko. Halafu upepo ukalikabili usoni, likapunguza mwendo, nikadhani sasa linarudi kwangu. Halikurudi. Likatua kwenye matuta yetu, yale ya Kifipa tunayofukia nyasi ndani, likazama nusu. Gunia la ndani lilipasuka. La nje, maana walivisha mawili, likashika unga wote. Shuka ya katekista ilikuwa bado mbele kabisa.

Nikakaa kizingitini.

"Limeangukia wapi?" mke wangu akauliza kutoka ndani.

"Kwenye matuta."

"Maharage yangu je?"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mtoto akaamka, akaanza kulia, nami nikamsikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

"Usikae hapo kama mgeni, baba," akasema mama mkwe. "Kalete unga, mzazi anywe uji."