Boksi la Catalina

Wanawake wengine wa mji wetu wa Ipswich waliolewa na walevi, wengine na wacheza kamari. Mimi niliolewa na gundi. Nguo zangu zote zimewahi kunuka rangi ya kupuliza. Nimekanyaga magurudumu madogo kuliko punje ya mchele, na badala ya kupewa pole nikaulizwa kama gurudumu limepona.

Mume wangu, Lyle Hennigan, huunda ndege ndogo za plastiki. Usidhani ni vitu vya watoto. Ni ndege za kweli zilizopunguzwa kimo tu, na namba za ubavuni ziko vilevile zilivyokuwa siku ndege yenyewe ilipopaa. Karakana ya reli ilipofungwa na mafundi wakarudishwa nyumbani, wenzake walikwenda baa. Yeye alishuka chini ya nyumba yetu iliyoinuliwa juu ya nguzo, kwenye meza yake, akaunda ndege. Baadaye akapata kazi ya kufagia shule, akaifanya bila kununa, na jioni akaunda ndege. Mto Bremer ulipofurika, maji yalipanda hadi juu ya meza ile na kuzoa kazi ya miaka mingi. Mimi nililia. Yeye alisimama kwenye ngazi akitazama.

"Umeona, Bernice?" akaniambia. "Zile za kutua majini zinaelea. Kumbe nilizitengeneza vizuri."

Nilitamani kumpiga.

Hakuna balaa lililowahi kumtoa mezani, mpaka kiharusi kilipomshika majira ya baridi yaliyopita. Namshukuru Mungu hakikumuua, lakini kilimwacha na mkono wa kulia usiomtii. Kikombe kinamponyoka, kalamu inamponyoka, kifungo cha shati ni vita.

Na mimi kilininyima mkufu. Ni mkufu wa jiwe la opali, alinipa tulipooana, na kishikizo chake ni kidogo mno. Vidole vyangu vimevimba kwa baridi yabisi, siku hizi siwezi kabisa kukifunga. Kwa hiyo kila tulipotoka, hata kama ni kwenda kula kuku na chipsi tu, nilimgeuzia mgongo, naye akanifungia huku akinung'unika kwamba tutachelewa. Baada ya kiharusi niliutia kwenye droo. Watu wakiniuliza nawaambia nimeuchoka.

Binti wa mazoezi ya viungo, Shanelle, alimletea mpira wa kubinya. Lyle akampa mbwa.

"Mzee wangu, sikutishi," Shanelle akamwambia. "Mkono ukiufanyisha kazi sasa, utarudi. Ukiuacha ulale, ndiyo basi tena, utazeeka nao hivyohivyo."

"Kubinya mpira ni kazi?" Lyle akamjibu. "Mpe anayecheza mpira."

Sasa, watu hawa wa ndege wana ada yao moja ya ajabu. Kila mmoja ana boksi ambalo halifungui. Ndani yake mna vipande vya ndege bora kuliko zote, bado havijaunganishwa, anavyovitunzia siku mikono yake itakapostahili. Siku haifiki. Mtu anakufa, rafiki yake analichukua kwa mjane likiwa bado na nailoni yake, naye analiweka juu ya kabati lake. Boksi la Lyle lilikuwa la Catalina, ile ndege ya kutua majini yenye vioo viwili vilivyotuna ubavuni kama macho ya chura. Lilinusurika mafuriko kwa sababu lilikaa chumbani kwetu, juu ya kabati. Hata mimi sijawahi kutunzwa hivyo.

Asubuhi moja alikuja Vern Pascoe, rafiki yake wa chama cha ndege. Nikiwa jikoni nikamsikia Lyle akisema, "Nenda na Catalina, Vern. Mimi nimemaliza."

Nilipotoka nilimkuta Vern amelipakata boksi, macho yamemlegea. Hapo hasira zikanipanda, nami hasira zangu si za kubembelezwa. Nilimpokonya, nikashika mkasi, nikaichana nailoni kutoka kona hadi kona.

Wanaume wawili wazima walipiga ukelele.

"We Bernice! Una wazimu?" Vern alisema.

Lyle alikuwa amesimama. "Hilo nimelitunza tangu watoto wetu hawajaota meno!"

"Ulikuwa unalitunzia nani? Haya, limefunguka. Vern, bado unalitaka?"

Vern alilitazama kwa huruma. "Likishafunguliwa... mwenyewe ndiye aunde."

"Basi aunde, au nilitie kwenye pipa la taka. Gari linapita kesho."

Lyle alininunia siku nzima, hata chai alijichemshia. Kesho yake nilisikia msasa ukikwaruza chini ya nyumba.

Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa raha. Alivunja vipande, akatukana, akalia mara moja akidhani simwoni. Mwanzoni alitumia mkono wa kushoto. Nikamwambia kutoka kwenye ngazi, "Huo mwingine umeuweka akiba?" Akanitupia kitambaa. Lakini alikishika kibano chake cha kuokotea vipande vidogo kwa mkono wa kulia, kikaanguka, akakiokota. Shanelle alipokuja alikaa akamtazama, akamaliza biskuti zangu, akaondoka bila kutaja mpira.

Maonyesho ya chama, yenye waamuzi na zawadi, yalikuwa Jumamosi, na Ijumaa mchana ndege ilibakiza vioo viwili tu. Watu hawa wote wanajua kwamba gundi ya haraka haisogezwi karibu na kioo, maana mvuke wake hukitia ukungu mweupe. Lyle mwenyewe ameshawafokea wenzake kwa kosa hilo. Lakini gundi ya taratibu inataka mtu akishikilie kipande kwa muda, na mkono ulikuwa umechoka. Akaitumia ya haraka. Kioo cha kwanza kikaingia ukungu, kikawa kama jicho lenye mtoto.

"Nilisema nimemaliza," akasema, akaketi.

Vern, aliyekuwa amekuja kusaidia, alikibandua kioo polepole. "Polishi ya sakafu, ile ya majimaji isiyo na rangi. Kitumbukize, kitang'aa. Bernice, polishi unayo?"

"Ninayo. Sakafu yangu tu ndiyo haijawahi kuionja, mnaimaliza nyinyi."

Vern alitaka kukitumbukiza yeye. Lyle akakataa. Akakibana kwa mkono wa kulia, mkono ukatetema, kioo kikaruka. Wazee watatu tulipiga magoti kwenye sakafu ya saruji tukitafuta kitu kisichoonekana, na mbwa akituzunguka kwa furaha.

"Kama amekimeza kama ule mpira, nitamngoja hadi kesho," Vern alisema, na Lyle akacheka mpaka akakaa chini. Kioo kilikuwa kimenasa kwenye sketi yangu.

Mara ya pili kibano hakikutetema. Kioo kiliingia kwenye polishi kikatoka safi, ukungu wote umekwenda. Jioni vioo vyote viwili vilikuwa vimebandikwa, kwa gundi ya taratibu.

Jumamosi asubuhi nilivaa gauni la buluu. Lyle alinitazama mlangoni.

"Mkufu uko wapi?"

"Nimeuchoka."

"Mwongo mkubwa. Ulete."

Nilimgeuzia mgongo. Nilisikia vidole vyake vikihangaika shingoni, kishikizo kikimponyoka, kisha tena. Nikamwambia aache, tutachelewa. Akashuka ngazi. Nilidhani amekata tamaa, na moyo uliniuma kweli.

Alirudi na kibano.

"Inamisha kichwa," akasema. "Na usipumue ovyo, unanitikisia meza."

Alichukua muda wake. Chuma kilikuwa cha baridi, nacho kilinuka polishi. Kisha nikasikia *tik*, na mkufu ukatulia shingoni.

Tulipofika ukumbini waamuzi walikuwa wameshapita, na Catalina haikuandikwa popote kwenye orodha yao. Vern alitujia mbio, mikono kichwani.

"Mlikuwa wapi jamani? Si ilikuwa imekwisha jana?"

"Ilikwisha," Lyle akasema, akiiweka ndege yake mezani kwa mikono miwili. "Kulikuwa na kishikizo kimoja."