Boma la Mama Igoki Juu ya Ubao

Enzi zetu vita havikununuliwa dukani. Wenzangu mliokulia Kianjokoma na vijiji vya kandokando, kule baridi ya mlima inakoteremka alfajiri na kukaa hadi chai ianze kuchumwa, mnakumbuka vizuri. Askari tuliwafinyanga wenyewe kwa udongo wa mtoni, tukawakausha kando ya meko, na bunduki zao zilikuwa njiti za kiberiti. Risasi ilikuwa punje ya mahindi iliyofyatuliwa kwa kidole. Askari akianguka amekufa, ingawa kubishana kama kweli amekufa kulichukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe.

Sasa askari wa udongo hasimami hivi hivi. Anahitaji kitako, kipande cha gome au ubao cha kusimamia, na hapo kwenye kitako ndipo dada yangu Wawira alipotuacha wote nyuma. Sisi wengine tulipaka matope tukaona inatosha. Yeye alipaka uji mzito badala ya gundi, akanyunyiza juu yake majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na askari akawa amesimama kwenye shamba lililolimwa jana. Makapi ya kahawa yalikuwa changarawe. Nyuzi za gunia zilikuwa nyasi ndefu. Ule ukoga wa kijani unaoota juu ya mawe ya mtoni aliubandua taratibu kwa ukucha, ukawa vichaka. Rangi isipomridhisha alikwangua kila kitu akaanza upya, na githeri yake ya mahindi na maharagwe ikapoa kwenye sahani hadi mama akaishiwa na maneno.

Tulikuwa watoto waoga, na uoga huo tulifundishwa kwa bidii kuliko hesabu. "Ukichana nywele, zichome," mama alikuwa akisema. "Ukikata kucha, zifukie. Na udongo aliokanyaga mtu usiuchezee." Hakutueleza ni kwa nini, wala hatukuuliza, maana kila mtoto alijua kuna watu wanaotafuta vitu kama hivyo, na wanavitafutia nini. Mimi nilikuwa siitiki nikiitwa njiani mpaka nimwone anayeniita. Watoto wa siku hizi nao wana hofu zao. Wanaogopa betri ya simu kuisha.

Likizo moja Wawira alichoka na vitako vidogo. Akaokota ubao mpana uliobaki baba alipojenga ghala, akasema safari hii atatengeneza uwanja mzima wa vita, na utakuwa boma la Mama Igoki. Mama Igoki alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Boma lake lilikuwa zuri kwa vita: lilikuwa mtelemkoni, lina ngazi za mawe, ua wa miiba na shamba la nduma, yaani magimbi, chini kabisa. Udongo wake ulikuwa mwekundu kuliko wetu, kwa hiyo Wawira akauchota kwenye njia yao ya mlangoni. Manyoya ya mkia wa ng'ombe wao yaliyonasa kwenye ua yakawa mabua. Uzi uliochomoka kwenye leso ya Mama Igoki ukawa bendera.

Ilibaki sehemu moja iliyomsumbua. Alitaka nyasi zilizoungua, pale mizinga ilipopiga karibu na nyumba, na kila alichojaribu kilionekana masizi tu. Basi siku hiyo alikuwa amemsuka Igoki, yule mtoto mdogo wa jirani aliyezoea kushinda kwetu. Nywele zilizobaki kwenye kitana mama alimwambia azitupe motoni. Wawira alizitazama, akazikata fupifupi, akazibandika. Nilipoona jinsi zilivyofanana na nyasi zilizoungua nilisisimka mwili mzima. Sikujua kama ni kwa furaha au kwa hofu.

Tulipigana vita vyetu, tukaitwa kuchuma chai, na ubao ukasukumwa chini ya ghala ukiwa na majeruhi wake. Wiki hiyohiyo Igoki akashikwa na homa na kikohozi.

Mama Igoki alikuja kwetu asubuhi moja kuomba kaa la moto, kama walivyozoea kufanyiana yeye na mama. Kuku wake mmoja alikuwa amemfuata, akaingia chini ya ghala, naye akainama kumfukuza. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Nilimwona akipiga magoti. Alikuwa anatazama nyumba yake mwenyewe ikiwa ndogo kama kiganja, ngazi zake, nduma zake, uzi wa leso yake. Mbele ya mlango alikuwa amelala mtu wa udongo, na kumzunguka kulikuwa na nywele za mtoto wake. Angepiga kelele, hofu yangu ingekuwa ndogo zaidi. Aliinuka, akaondoka kinyumenyume hadi langoni bila kutuondolea macho, na kaa la moto hakulichukua.

Kufikia jioni watu walikuwa wamejua. Pale kwenye kituo cha kununulia chai, tulipopeleka majani tuliyochuma, wanawake walisogeza vikapu vyao mbali na cha mama. Aliyesalimiwa alikuwa baba peke yake. Mama alikuwa ameolewa kutoka mbali, Mikinduri huko Meru, na mpaka siku hizo Kiembu chetu alikizungumza kwa lafudhi ya kwao. Hilo halikuwa limemsumbua mtu miaka yote. Sasa wakaanza kumwita yule mgeni. Amu zangu walikuja kuongea na baba nyuma ya nyumba kwa sauti ya chini, na nikasikia mmoja akisema ni afadhali arudishwe kwao mapema, kabla mtoto hajafa. Nilikaa chini hapohapo nyuma ya tangi la maji nilipojificha.

Wazee waliita pande zote mbili uani kwetu. Uamuzi wao ulikuwa mwepesi kwao: mama ale kiapo. Kama hakuchukua nywele za mtoto yule kwa ubaya, atakula kiapo na kwenda zake salama. Akisema uongo, kiapo chenyewe kitammaliza, yeye na watoto wake. Mama alikubali mara moja, kwa sababu alijua hana kosa. Alikuwa anafunga kitambaa chake vizuri kichwani kama mtu anayekwenda kanisani.

Lakini sisi watoto tulijua kitu ambacho yeye hakukijua. Nywele zilikuwa zimechukuliwa kweli, tena nyumbani mwake, kwa kitana chake. Je, kiapo kingeelewa tofauti? Kingejua kwamba ni nyasi? Wawira alinishika mkono, kisha akauachia. Mzee alipomnyooshea mama kile alichopaswa kukiapia, dada yangu alipita katikati ya watu wazima, jambo ambalo mtoto wa kike hakulifanya, akasimama mbele yao.

"Ni mimi," alisema. "Mama hajui. Ni mchezo."

"Mchezo gani unatumia nywele ya mtu?" mzee aliuliza.

"Ni nyasi imechomeka. Nilitafuta kitu ingine ifanane, nikakosa."

Sasa Mama Igoki akauliza, bila kuinua macho, "Na huyo umelaza kwa mlango wangu?"

Wawira akauvuta ubao kutoka chini ya ghala. Akaingiza mkono kwenye ubao, akatoa punje ya mahindi iliyokuwa imekwama kando ya yule askari, akaionyesha. "Alipigwa na hii."

Mzee mmoja alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwokoa mama yangu. Wengine wakafuata, kwa wasiwasi kwanza, kisha kwa sauti. Mama Igoki hakucheka. Alisema ubao uchomwe, na anayeuchoma awe aliyeutengeneza. Dada yangu akauweka motoni kwa mikono yake, vichaka na ngazi na bendera, watu wote wakimtazama vidole. Igoki alipelekwa hospitalini, ikaonekana ni mapafu, akapona. Mama hakurudishwa kwao. Ila Igoki hakuja kusukwa kwetu tena, na Wawira hakufinyanga tena hata kikombe.

Leo mwanangu Mutugi yuko chuoni hapa Embu mjini, na yeye na wenzake wanapigana vita mezani kila Jumamosi kwa askari wa plastiki, dadu na utepe wa kupimia. Kubishana ni kulekule. Vitako wanavitengeneza kwa nyasi za pakiti, theluji ya kopo na gundi ya kuagiza. Nimemkuta akitazama video ya mzungu anayefundisha jinsi ya kutengeneza matope. Matope, jamani, na mvua imenyesha nje.

Desemba iliyopita Wawira alitutembelea kutoka Meru, ambako ana duka lake la vitambaa. Mutugi, asiyejua lolote, akamwekea mbele kazi yake mpya: kijiji kizima kwenye ubao, na vibanda, na ua, na njia inayoteremka. Kilikuwa kizuri. Nikaona mgongo wa dada yangu ukikaza, na ile hofu ya nyuma ya tangi ikanipanda kana kwamba sijazeeka.

"Hapa ni kwa nani?" Wawira aliuliza.

"Si kwa mtu, Anti. Nimetoa tu kwa kichwa."

"Na mchanga?"

"Wa kununua. Unakuja kwa pakiti."

Niliwaza, hiyo ndiyo tofauti yetu na wao. Enzi zetu hakukuwa na udongo usio na mwenyewe. Ulikuwa wa mtu, umekanyagwa na mtu, na kwa hiyo ulipendeza, na kwa hiyo ulitutia hofu. Kijana wangu anaweza kujenga na kuchoma dunia nzima na asimwogopeshe jirani hata mmoja, wala hakuna jirani atakayeitambua nyumba yake humo. Namwonea wivu, na pia namhurumia, na sijui ni kipi kimezidi.

Dada yangu alikitazama kijiji kile kwa muda mrefu, mikono ikiwa mapajani. "Umefanya vizuri sana," alimwambia. Kisha akainuka, akaenda kwenye bomba la nje, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, na hakuwa amegusa kitu.