Tembe za Mwezi wa Mfungo

Miguu ya eedo ilianza kuvimba siku chache kabla ya Ramadhani. Ukiibonyeza, kishimo cha kidole kilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Eedo ni shangazi kwa Kisomali. Wateja wote wa hoteli yake ndogo ya chai pale Garissa walimwita hivyo, nami nikaiga. Nilikuwa nimefika kwa lori la mizigo, nikapanga kijumba nyuma ya jiko lake, nikidhani nitakaa kidogo tu nione mto na ngamia. Vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliopigana na serikali, vikafunga njia, nikabaki.

Mfungo ulipoanza nilimsindikiza zahanati, kwa sababu alikuwa akihema hata akiwa ameketi, na kwa sababu mimi napenda kujua kila kitu. Dresa, yule mtibabu wa zahanati, mtu wa bara kama mimi, aliweka dawa mbili mezani. Zote za kukojoza, alisema, ili maji yatoke mwilini na moyo upate nafasi.

"Sindano ni kali. Ina zebaki, na hali ya figo zake siijui. Vidonge ni vya polepole, ila ale ndizi, maana vinatoa pia nguvu ya misuli. Na lazima unywe maji, mama."

"Sindano," akasema eedo. "Sindano hafungui saumu. Fidonge nafungua."

"Zebaki, na kiu ya kutwa nzima katika jua hili? Sikudungi. Unataka nikuzike?"

"Basi lete fidonge. Nitameza usiku."

Dresa akanitazama mimi. Amri tuliijua sote: jua likizama, hakuna kutoka nje, na askari hawakuwa watu wa kuuliza mara mbili. Choo chetu kilikuwa ng'ambo ya uwanja mtupu.

Nikamletea debe aliweke ndani. Alicheka mpaka akakohoa. "Chumba ni moja, wewe. Hapa nalala, hapa naswali. Malaika akanyage mkojo?"

Jioni hiyo alifuturu kwa tende na uji, akameza kidonge. Nikakaa gizani kwangu, nikisikiliza. Haukupita muda mrefu mlango wake ukalia. Niliweka jicho kwenye upenyo wa ukuta, nikauona mtandio wake mweupe ukivuka uwanja taratibu, maana miguu ile haikuweza kukimbia. Akarudi. Nikapumua. Mlango ukalia tena.

"Simama!"

Risasi ikalia pamoja na neno lenyewe. Bati la choo likavuma. Mtandio ulikuwa chini.

"Mimi mama mgonjwa!" sauti yake ikapanda. "Nakwenda choo tu! Wallahi choo tu!"

Kisha sauti ya kijana, na kicheko cha mwenzake: "Kesho ubane, mama!"

Alirudi kwa kutambaa. Nilisikia kila goti lilivyokwaruza mchanga, na hata alipofunga mlango niliendelea kulisikia.

Asubuhi nilimkuta jikoni, jua limeshatoka. Alikuwa na kikombe cha maji, ndizi moja na kidonge.

"Mgonjwa ameruhusiwa," alisema, kana kwamba nimembishia. "Hizi siku nitalipa baada ya Idi."

"Utazilipa, eedo."

"Kama Mungu abakishe mimi. Kaa mlangoni, mtu asinione nakula."

Nikakaa kizingitini, nikimpa mgongo. Nilimsikia akimeza, kisha akimenya ndizi polepole. Nilitaka kufurahi. Maji alikunywa, kulikuwa kweupe, na kwa kadiri nilivyoelewa maneno ya dresa, hapakuwa na njia nyingine iliyo salama kuliko hii.

Lakini ng'ambo ya uwanja askari mmoja alikuwa amesimama kando ya choo. Alikuwa kijana mdogo, bunduki begani, kidole amekiingiza kwenye tundu la risasi ya jana katika bati, anakizungusha. Akainua uso, akautazama mlango wetu, wala hakuondoka.

Nyuma yangu nikasikia eedo akihangaika kuingiza miguu yake kwenye ndara.