Wimbo Ulioshushwa kwa Ajili ya Mama Feza

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa nasikia kwaya yenu inamwandalia ibada ya heshima mwimbaji wenu mkongwe, acha nikusimulie kabla hamjamaliza mazoezi.

Nilikuwa kijana, naimba tenori hapa hapa Kalemie. Tulikuwa na Mama Feza. Nyimbo zake za injili zilisafiri kwa kaseti kandokando ya ziwa hadi Zongwe na Moba, na wavuvi walizijua kuliko majina ya shemeji zao. Natia chumvi, lakini si sana. Kisha akaugua koo. Alipona, ila sauti ikabaki chini, nzito, yenye mikwaruzo. Akaacha kuimba, akawa anakaa benchi la mbele kama watu wengine.

Kwaya ikaamua kumheshimu angali hai, jambo ambalo kwetu si la kawaida, maana sifa nyingi tunaziweka hadi matanga. Tukachagua wimbo wake unaopendwa zaidi. Maestro wetu, yaani mwalimu wa kwaya, kijana hodari na mwenye kujisikia, akaupandisha juu ili wasoprano wang'are. Na kweli waling'ara.

Mama Feza alikuja kwenye mazoezi ya mwisho. Akasikiliza, halafu akaomba aimbe ubeti wa kwanza siku ya ibada. Akajaribu. Sauti haikufika. Akajaribu tena, ikakatika katikati, akaketi na kuangalia mikono yake. Nilimhurumia sana.

Maestro akamwambia kwa upole, "Mama, wewe ukae tu. Sisi njo tutakuimbia."

Papa Kitenge, mzee wa kanisa, alikuwa anafunga madirisha. Akayaacha.

"Maestro, hii wimbo ni ya nani?"

"Ni ya Mama, Papa."

"Na muliipandisha fasi ya juu, kwenye mwenyewe hawezi kufika. Sasa heshima munamupatia nani? Muishushe."

"Papa, tukishusha, wasoprano hawatasikika muzuri."

"Basi wasisikike muzuri. Muishushe."

Tukaushusha. Wasoprano walinuna hadi Jumapili. Siku hiyo tuliimba chini mno na, kusema kweli, hatukupendeza. Waliofurahi ni wa besi tu. Lakini Mama Feza alisimama akaimba ubeti wake wote, kwa mikwaruzo yake, mpaka neno la mwisho. Mimi si mtu wa machozi, ila kiitikio kilipofika nilishindwa kuingia.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda kwa huyo mwimbaji wenu kabla ya ibada. Muulize sauti yake imefika wapi sasa, na muanzie hapo. Mkimwimbia wimbo wake kwa namna inayomfungia mlango, mtakuwa mmejisifu wenyewe mbele yake. Kama kumpa nafasi kutawafanya msipendeze, msipendeze.

Mungu awape masikio kabla ya sauti. Na siku sauti zenu zitakapopungua, awape watu wa kuwashushia wimbo.