Kompyuta Iliyomfufua Mejumaa

Mke wangu Mejumaa alifufuliwa na kompyuta, mchana kweupe, wiki moja baada ya kumzika.

Msicheke. Nilikuwapo.

Mwaka ni tisini na tisa. Mimi nashona kofia mtaani Kuze, shule niliiacha darasa la tatu. Figo za Mejumaa zimekwisha. Kliniki moja hapa kisiwani, jina silitaji, ilitakiwa imhamishie hospitali kubwa siku ileile.

Muuguzi, Kadzo, akalitafuta jina lake kwenye mashine, akaandika mbele ya jina hilo: hamisha.

Mashine ikajibu: TAYARI.

"Gari laja, mzee. Keti."

Tukaketi. Gari halikuja. Magharibi inaadhiniwa, Mejumaa akanifia begani, kwenye benchi lao.

Baada ya matanga nikarudi kuuliza gari lilikwama wapi. Wakaniitia fundi aliyeitengeneza programu, Nicanor, tai shingoni. Akanieleza kwa maringo kwamba humo ndani kila mgonjwa ni kitu, na lugha ya kompyuta aliyotumia haina masharti mengi. Neno lolote utakaloandika, programu hulichukua papo hapo, ikatafuta kama kitu kile kina kazi ya jina hilo, ikaifanya.

"Na kama hakina?"

"Kuna mahali nimeweka pa kudaka maneno yote yasiyojulikana."

"Pakishadaka?"

Akaishika tai yake. "Panajibu TAYARI. Ni amri ya mkurugenzi. Hataki mashine iseme haijui mbele ya wageni."

Kazi ya kuhamisha, ati, hajawahi kuiandika.

Nikamgeukia Kadzo. "Hebu mwandikie Mejumaa: fufua."

Akautazama mlango wa mkurugenzi, kisha akaandika.

TAYARI.

Mkurugenzi akatoka. Bwana huyo vyeti vyake vimejaa ukutani kama leso za dukani. Akaisoma skrini, uso ukamshuka, akamwamuru Nicanor arekebishe leo hii. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, hata hawa wana haya.

Mwezi uliofuata nikapita tena. Kadzo akanivuta kando, akaandika fufua mbele yangu.

HAIRUHUSIWI.

Akafuta, akaninong'oneza kwamba kazi ya kuhamisha bado haijaandikwa, akaandika hamisha.

TAYARI.

Ndugu wasomaji, mkubwa asiyetaka kusikia "sijui" msimwachie mgonjwa wenu hata kwa dakika. Wangeniambia hawajui, ningempakia Mejumaa kwenye mkokoteni nikamsukuma mwenyewe.