Bahasha ya Mdogo Wangu Arlene

Mdogo wangu Arlene Sabol aliwapigia chapa wapelelezi wa serikali ya shirikisho kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo hakunitolea neno la kazini. Nilikuwa nikimtania, "Wewe ni kaburi lililovaa viatu." Anacheka, ananipa viazi nimenye. Mimi shule niliachia darasa la sita nikaenda kushona mashati, kuandika si kazi yangu. Lakini magazeti ya hapa Pensilvania yamemwandika, haya yanamwita shujaa, yale msaliti, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kula naye. Basi naandika mimi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Wapelelezi huenda wawili kumhoji mtu, mmoja anauliza, mwenzake anaandika kwa mkono. Wakirudi, Arlene anapiga chapa yale maelezo, kisha karatasi za mkono anazitia kwenye bahasha ya kaki, anaifunga kwa gundi, anatia saini juu ya mdomo wa bahasha, nusu huku nusu kule. Ukiifungua, saini inakatika. Bahasha inakaa kabatini, watu wanaisahau.

Mwaka ule Ray Stofko aligombea ubunge. Huyo ndiye aliyeuza kiwanda chetu cha mashati, wanawake mia mbili tukarudi nyumbani na mikasi yetu. Niliposikia anachunguzwa kwa rushwa, niliwasha mshumaa kanisani. Nyumba yetu nzima ni ya chama kingine, Arlene pamoja nasi.

Zimebaki wiki tatu watu wapige kura, Arlene akaja kwangu, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Dada, nimepiga chapa uongo."

"Uongo gani?"

"Shahidi alisema hakumwona Stofko akipokea kitu. Nikaandika hivyo. Laudermilk akanirudishia, eti niandike huenda alimwona. Nikaandika. Akarudisha tena, eti alimwona. Nikaandika."

Laudermilk ndiye mkuu wa ofisi yao.

"Alikwambia kwa nini?"

"Alisema Stofko asifike siku ya kura akiwa msafi. Alhamisi wanakuja wakaguzi kutoka Washington kukagua maelezo yetu. Nikisema, na mimi nimo, vidole vyangu ndivyo vilivyopiga. Nisiposema, mtu anafungwa."

"Afungwe! Kama hakula hii, kala nyingine. Wewe nyamaza."

Ndivyo nilivyosema, siwezi kujifutia. Arlene aliinuka akaenda zake.

Alhamisi asubuhi tulikuwa kwenye chumba cha chini cha kanisa kama kila wiki, wanawake wanane, Arlene akiwa mmoja wetu kwa ruhusa ya asubuhi, tukifinya pirogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, za kuuza Ijumaa. Mlango ukafunguliwa, akaingia Laudermilk na viatu vyake vinavyong'aa.

"Kina mama, harufu tamu hiyo!"

"Harufu bure, bwana," akasema Theresa Yurick. "Ukitaka kula, vaa aproni."

Hakucheka. Alikwenda kusimama nyuma ya Arlene.

"Saa nane unaonana na wakaguzi. Tulikuwa tunasahihisha tu maelezo, sivyo?"

Arlene akaendelea kufinya.

"Na ile bahasha imechakaa. Nimekuletea mpya." Akaitoa kotini. Ilikuwa imeshafungwa, ndani ina karatasi, juu ya mdomo hakuna kitu. "Tia saini hapa."

Basi ile ya zamani ameshaikata, na karatasi za mkono amezibadilisha. Sote tulielewa, hata Theresa aliyekuwa haelewi lolote. Maji yalikuwa yakichemka na hakuna aliyekwenda kuyatazama.

Akanigeukia mimi. "Bi Verna, mwambie mdogo wako. Stofko wote tunamjua. Mimi na wewe tuko upande mmoja."

Nilishona kola miaka ishirini na sita. Kola ikienda mrama nilifumua, hata kama shati ni la mtu nisiyetaka kumwona. Na huyu ananiambia upande mmoja!

"Arlene," nikasema, "usiishike hiyo. Una unga mikononi."

Arlene akanitazama. Nadhani alikuwa akilisubiri neno hilo tangu jikoni. Akaweka kiganja chote juu ya bahasha, akaisukuma mpaka kifuani kwa Laudermilk, vidole vitano vya unga vikabaki juu yake.

"Saini yangu nimeshatia, bwana. Ile uliyoikata."

"Utajuta."

"Nimeshaanza."

Saa nane, ofisini kwao, Arlene aliwaeleza wakaguzi yote, wakamuuliza nani mwingine aliyeiona hiyo bahasha mpya. Akawaambia wafungue mlango. Tulikuwa pale nje sote saba, na aproni zetu.

Laudermilk aliondolewa, kesi ya rushwa ya Stofko ikatupwa. Arlene naye alifukuzwa, kwa sababu kweli alipiga chapa, na hakubisha. Stofko akashinda. Hajawahi kuja kusema asante, akipita huangalia upande wa pili. Sikumpigia kura, na akigombea tena sitampigia. Arlene anafinya pirogi nasi kila Alhamisi, na kingo za pirogi zake bado ni nene mno.